Kushoto kwa Mwalimu

Kwa miaka kumi na minne Fundi alikaa jukwaani kushoto kwa mumewe, akimfungulia kurasa za muziki mbele za watu waliovaa vizuri, bila kujua kusoma hata nota moja, na hakuna aliyemshtukia. Kazi yake halisi ilikuwa kukata na kushona mapazia katika karakana moja nyuma ya maduka ya vitambaa, na huko ndiko alikolipata jina. Mumewe alipiga piano na kufundisha chuo cha muziki, kwa hiyo hata mkewe alimwita Mwalimu. Siri yao ilikuwa ndogo na ya kuchekesha. Mwalimu alipoukaribia mwisho wa ukurasa, kidevu chake kilishuka kidogo tu, kama mtu anayemwitikia jirani ng'ambo ya barabara, na Fundi akafungua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii haikuwahi kukosea.

Kisha shingo ya Mwalimu ikaugua.

Ulikuwa ugonjwa wa misuli, ule unaoanza mahali pamoja halafu ukatembea. Kwa wengine huanza mguuni, kwa wengine ulimini. Kwake ulianza shingoni, hadi kichwa kikawa kinamlalia kifuani asipokishika kwa mkono. Daktari alimvalisha kola ngumu ya kuishikilia shingo, kisha akawaambia bila kuzunguka kwamba mabega yatafuata, halafu mikono, halafu pumzi, na kwamba dawa ya kuurudisha nyuma hakuna. Mwalimu alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Aliuliza jambo moja tu: vidole vitamfaa mpaka lini? Daktari akasema hajui, ila kama kuna kitu anataka kukifanya kwa vidole, asingoje.

Kitu kilikuwepo. Mwalimu alikuwa na rafiki wa tangu chuoni, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kila mtu alimwita Selo kwa sababu ya chombo chake, ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Wawili hao walikuwa wamejiwekea sonata moja ngumu, kipande cha sehemu tatu cha selo na piano, kwa ajili ya uzee. "Tutaipiga tukishakua," ndivyo walivyotaniana kila mwaka. Sasa uzee ulikuwa umefutwa kwenye ratiba. Waliomba ukumbi wa chuo, wakapewa tarehe ya karibu, na mazoezi yakaanza sebuleni kwa Mwalimu wiki hiyo hiyo.

Mazoezi ya kwanza hayakufika mbali. Fundi alisimama mahali pake, kona ya ukurasa katikati ya vidole viwili, macho kwenye kidevu cha mumewe. Kidevu kilikuwa kimekaa juu ya kola na hakikwenda popote. Fundi akangoja. Mwalimu akafika mwisho wa mstari wa mwisho, akabaki ananing'inia hewani, na muziki ukakatika. Wakaanza upya. Safari hii Mwalimu akameza mate, kola ikapanda na kushuka, na Fundi akafungua haraka, nusu ukurasa kabla ya wakati.

Selo akashusha upinde wake. "Fundi, leo uko wapi, mwenzetu?"

"Samahani. Tuanze tena."

"Tuanzie pale kwenye nota tatu nzito. Hapo hapo mbele yako. Hebu mwoneshe kwa kidole, asihangaike kutafuta."

Fundi akautazama ukurasa. Ulikuwa umejaa vidoti vyenye mikia, vingine vimepanda, vingine vimeshuka, na vyote vilionekana vizito. Akaweka kidole mahali. Selo akakitazama kile kidole, kisha akamtazama mwenye kidole.

"Kumbe husomi?"

"Sisomi."

"Miaka yote hii?" Selo akaanza kucheka hadi selo yake ikatikisika kati ya magoti, na angeendelea kucheka kama asingeuona uso wa Fundi. "Nisamehe, dada. Nacheka ujasiri wako. Mimi ningezirai."

"Usimlaumu," alisema Mwalimu kwa upole. Hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo aliiambia piano. "Si kosa lake. Yeye si mwanamuziki."

Alikuwa anamtetea, na Fundi alijua hivyo. Lakini neno likishatoka halichagui pa kutua. Huyu alikuwa mtu aliyeweza kusimamisha kwaya nzima kwa ajili ya nota moja ya mtu mmoja safu ya nyuma. Selo mwenyewe alikuwa amewahi kulizwa naye mara mbili. Mkewe peke yake hakuwahi kukaripiwa naye hata siku moja, na Fundi alikuwa akiamini kwamba huo ndio upendo. Siku ile aliona kwamba hata kiti hakuna anayekikaripia.

Kutoka chumba cha nyuma kilisikika kikohozi. Huyo alikuwa mama mzazi wa Mwalimu, bibi aliyefundisha watoto wa mtaa mzima kupiga piano mpaka vidole vyake vikajipinda kwa baridi yabisi. Alikuwa na kikohozi cha ugonjwa na kikohozi cha maoni, na hiki hakikuwa cha ugonjwa.

*

Selo alikuja na tableti yenye pedeli ya kukanyaga, ili Mwalimu ajifungulie kurasa mwenyewe kwa mguu. Ilikuwa fikra nzuri kwa mtu mwenye mguu wa tatu. Miguu miwili ya Mwalimu ilikuwa na pedeli za piano za kushughulikia, na mmoja ulikuwa umeanza kurukaruka wenyewe. Alikanyaga mara moja, tableti ikaruka kurasa tatu. Akakanyaga kuirudisha, ikarudi mpaka kwenye jalada. Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza tangu avalishwe kola, na kile kifaa kikarudishwa kwenye mfuko wake.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa akimfunga vifungo vya shati. Mikono ya mumewe ilikuwa haipandi tena kufika kifungo cha juu.

"Fundi."

"Naam."

"Nimezungumza na chuo. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, anasoma nota vizuri sana. Atakuja kufungua kurasa."

Fundi alimaliza kifungo alichokishika. "Hata siku ya onyesho?"

"Siku ya onyesho hasa."

"Na mimi nikae wapi?"

"Mbele. Kiti cha mbele kabisa. Huko utasikia vizuri zaidi."

"Sawa," alisema Fundi. Ilikuwa ile sawa ambayo mume mwenye akili huirudia kichwani njia nzima. Mwalimu alikuwa na masikio ya kusikia uzi mmoja uliolegea kati ya nyuzi zote za piano, lakini sawa ile ilimpita.

Siku hiyo karakanani Fundi alikata pazia la ukumbi wa mikutano likawa fupi kwa kiganja kizima. Msimamizi alilishika na kulipandisha juu ili kila mtu alione.

"Fundi wa miaka yote hii, unakata kama umefumba macho?"

"Mwache," alisema mwenzake wa mashine ya pili. "Ana mgonjwa."

Msimamizi akalishusha pazia polepole na kuondoka kwa adabu, na ile adabu ilimuuma Fundi kuliko kelele. Alikaa akiunga kipande upande wa chini, ushono juu ya ushono, akiisukuma sindano kwa hasira. Hakuwa na hasira na msimamizi. Alijiuliza mbona karakanani akikosea anaambiwa, lakini nyumbani kwake anaondolewa tu kimya kimya na kupewa kiti kizuri. Alipofunga uzi wa mwisho alikuwa ameshaamua.

*

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na dirisha la chumba chake akipepeta mchele kwenye ungo, maana vidole vyake vilikuwa bado vinakubali kazi hiyo. Mwalimu alikuwa amechukuliwa na Selo kwenda kwenye mazoezi ya viungo hospitalini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Nimeomba ruhusa. Mama, nifundishe kusoma nota."

Bibi akaweka ungo chini. "Miaka kumi na minne sijakusikia ukiomba."

"Miaka kumi na minne hukunikaribisha."

Mama mkwe alikuwa mtu wa kusema ukweli, na watu wa namna hiyo wakiambiwa ukweli huwa hawana pa kukimbilia. "Ni kweli," alisema. "Nilitaka aoe mpiga piano mwenzake."

"Najua. Uliyasema siku ya harusi yetu."

"Nilikuambia wewe?"

"Ulimwambia shangazi yake. Mimi nilikuwa nyuma yako nimeshika trei ya soda."

Bibi alicheka mpaka kikohozi halisi kikamshika. Akajifuta macho kwa upande wa kanga, akanyoosha mkono ili ainuliwe, na wote wawili wakaenda sebuleni. Fundi alitaka kukaa katikati ya benchi la piano.

"Siyo hapo. Sogea kushoto."

"Kushoto tena, Mama?"

"Jukwaani unakaa kushoto, kwa hiyo jifunzie kushoto. Mkono wa kulia una maneno mengi, utakupoteza. Mkono wa kushoto ndio unaotembea. Ukiujua ulipo, unajua muziki uko wapi. Unaona huu mstari wa chini? Kila kijistari cha kusimama kinachoukata ni ukuta wa chumba. Chumba kimoja, mapigo manne. Usihangaike na fanicha, hesabu vyumba."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Kila Mwalimu alipotoka, mama mkwe na mke wa mwanawe walikaa kwenye benchi moja, mmoja akihesabu kwa sauti na mwingine akibonyeza vibao vya upande wa chini kwa kidole kimoja. Bibi hakuwa na huruma. Alimpiga Fundi mkono kwa ule mwiko wa mbao aliokuja nao kutoka jikoni, akamwambia anabonyeza kama anayejaribu kama pasi imepata moto. Karakanani Fundi alihesabu vyumba huku akikata, na mapazia hayakukosea tena kwa sababu hesabu ilimtuliza.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, Mama," alilalamika siku moja.

"Hapa hatuvunji chawa. Piga."

Jioni moja Mwalimu, akilishwa supu, aliuliza, "Mama, umerudi kupiga? Jirani ananiambia anasikia piano."

"Vidole vinaniwasha," alisema bibi bila kupepesa macho.

"Vinawasha upande wa chini tu?"

"Nikianza na juu utanidai sonata." Mwalimu hakuuliza tena.

*

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alikuja, akawa mpole na makini, akafungua kila ukurasa kwa wakati wake. Fundi mwenyewe, akiwa jikoni, hakupata cha kumlaumu, ingawa alitafuta. Kilichokwama kilikuwa bega. Sehemu ya pili ya sonata ni ya polepole. Selo ndiye anayeimba kwa chombo chake, na chini yake kabisa, mwanzoni mwa kila chumba, piano hupiga nota moja nzito, mbali kushoto, mwisho wa vibao. Vidole vya Mwalimu vilikuwa vizima, lakini mkono ulikuwa haukubali tena kwenda upande. Aliinamisha mwili wote kuufikisha. Mara ya kwanza alifika, na mara ya pili aliponyoka kwenye benchi na mwanafunzi akamdaka kwapani.

Wakamkalisha sawa.

"Tuiache hii ya pili," alisema Selo. "Tupige ya kwanza na ya tatu. Watu hawatajua."

"Mimi nitajua."

"Mwalimu, ndugu yangu, tusiue mtu kwa ajili ya nota."

"Sonata nzima inaishi hapo katikati. Tukiitoa, tunawapa watu maganda." Akafunga kifuniko cha piano kwa mkono wa kulia. "Wapigie chuo asubuhi. Waambie tumeahirisha."

Kila mtu mle ndani alijua kuahirisha maana yake nini. Selo alianza kuifuta selo yake ambayo haikuwa na vumbi. Mwanafunzi aliaga kwa sauti ndogo akaenda zake. Hapo ndipo bibi aliposimama mlangoni pa chumba chake, mkono ukutani.

"Nota za chini zinaweza kupigwa na mtu mwingine. Aliyekaa kushoto."

"Mwanafunzi ameshaondoka, Mama," alisema Mwalimu.

"Sikusema mwanafunzi."

Selo akageuka kumtazama Fundi aliyekuwa na taulo la jikoni mkononi. Mwalimu hakuweza kugeuka, lakini hakuhitaji. "Hapana," alisema.

"Anajua mstari wa chini wote," alisema bibi. "Nimemfundisha mwenyewe."

"Nimesema hapana, Mama."

Selo na bibi walikuwa watu wazima, na watu wazima hujua mlango wa kutokea uko wapi. Mmoja akakumbuka gari lake limeziba njia, mwingine akakumbuka dawa yake. Fundi akavuta kiti, akakiweka mbele ya mumewe mahali ambapo macho yake yangemwona bila shingo kusaidia.

"Kwa nini hutaki?"

"Ni kazi ngumu. Mbele za watu si kama nyumbani."

"Nimekaa mbele za watu miaka kumi na minne. Nieleze ya kweli."

Mwalimu aliteremsha macho kwenye vidole vyake.

"Mikono itanikatalia," alisema. "Pengine siku ile ile. Ukiwa kwenye kiti cha mbele utaona mpiga piano ameshindwa, basi. Ukiwa pembeni yangu utaniona mimi. Sitaki unione kwa karibu namna hiyo."

Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mwingine kabisa. Ilibidi autupe wote na kutafuta maneno upya.

"Mwalimu, nani alikuvisha soksi leo?"

"Wewe."

"Na supu iliyoingia ndani ya kola jana, nani aliipangusa?"

"Wewe."

"Basi niambie ni aibu gani imebaki ambayo sijaifua."

Mwalimu alitaka kucheka, na kicheko kikageuka njiani. Mtu asiyeweza kuinamisha kichwa hana mahali pa kufichia machozi. Yalishuka moja kwa moja mpaka kwenye kola, na Fundi akayafuta kwa lile taulo la jikoni lililonuka kitunguu, jambo ambalo halikuyapunguza.

"Nilijua ni wewe," alisema Mwalimu. "Tangu siku ile jirani aliponiambia. Mama hapigi kwa woga."

"Mbona hukusema?"

"Mara mbili nilimwomba Selo asimamishe gari kwenye kona ya mtaa, tukae tu. Alidhani napumzika. Nilikuwa nasikiliza."

Fundi hakuuliza alisikia nini. Aliogopa kwamba angeambiwa maneno mazuri, yale ya upole. Akafungua kifuniko cha piano.

*

Ukumbi wa chuo haukujaa, lakini haukuwa mtupu. Walikuja wanafunzi wa zamani, walimu, mafundi wawili wa karakana ya mapazia waliokaa wima sana, na wachache waliokuja kuona mgonjwa atafanyaje, maana watu wa namna hiyo hawakosi. Selo alimshika Mwalimu mkono mmoja na Fundi mkono mwingine mpaka kwenye benchi. Bibi aliketi kiti cha mbele kabisa, kile alichokuwa ametengewa Fundi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda. Fundi hakutazama kidevu. Alifuata mstari wa chini, chumba baada ya chumba, na kila alipofungua ukurasa alikuta muziki unamngoja upande wa pili. Aligundua kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia: kwamba miaka yote ile alikuwa amekikodolea macho kidevu na hakuwahi kuusikia muziki wa mumewe. Sasa aliusikia ukipita begani kwake, na ulikuwa mzuri kiasi cha kumtia hasira kwamba utaisha.

Ikaja ile ya polepole. Alisimama, mkono wa kulia chini kwenye vibao vya mwisho, wa kushoto juu kwenye kona ya ukurasa. Selo akaanza kuimba. Fundi akapiga nota ya kwanza, nzito, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikia watu wengi wakinyamazishwa na kidole chake mwenyewe. Akahesabu, akapiga tena. Mwalimu alicheza katikati ya vibao mahali mikono yake ilipokubali kukaa, na kila nota ya chini ilipoingia alijiegemeza juu yake kama mtu aliyepewa ukuta.

Wakati wa kufungua ukurasa wa nne wa sehemu hiyo, karatasi ikashikana na mwenzake. Fundi alisugua kona kwa kidole gumba, ikakataa. Akasugua tena, ikaachia, akafungua, na ndipo alipokumbuka mkono wa kulia. Nota ilikuwa imempita. Lakini Mwalimu hakuwa amesonga. Alikuwa ameshika sauti aliyokuwa nayo na kungoja, na Selo, aliyemjua tangu ujana, akauvuta upinde wake polepole, polepole zaidi, mpaka ukabaki kidogo. Fundi akabonyeza. Muziki ukaondoka tena pale ulipokuwa umeegeshwa, na ukumbini watu walidhani ndivyo ulivyoandikwa. Mwanamke mmoja alitoa leso.

Sehemu ya tatu Mwalimu aliimaliza kwa vidole vilivyochoka, akikosa hapa na pale. Walipopigiwa makofi hakuweza kuinama, kwa hiyo Selo na Fundi waliinama kwa niaba yake, mmoja akichelewa.

Chumbani nyuma ya jukwaa mkuu wa chuo alikuja kuwapa mkono, wengine wakafuata. Wengi walimsifu Fundi, wakimwita shujaa, malaika, nguzo ya nyumba. Mwalimu, aliyekuwa ameegemezwa kwenye kiti, kijasho kikimtoka, alisubiri wamalize.

"Ile ya juu ya ukurasa wa nne," alisema. "Umechelewa."

Mkuu wa chuo akatazama viatu vyake.

"Mwalimu, jamani," alisema Selo. "Mwache mkeo apumue."

"Amechelewa, na anajua."

"Nimechelewa," alisema Fundi. "Ukurasa ulikwama."

"Ukurasa ukikwama, nota kwanza. Ukurasa ninaukumbuka mimi. Nota ile watu hawana mahali pengine pa kuipata. Na zile mbili za mwisho umezigonga. Usigonge, shuka nazo."

"Nimesikia."

"Kesho tuirudie."

Fundi aliomba udhuru akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama kwenye korido kati ya ndoo za wafanyakazi wa usafi, akalia kwa furaha. Mwalimu alikuwa amemkaripia. Bibi alimkuta hapo, akamtazama, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemlea mkaripiaji, hakuuliza kulikoni. Alimpa kanga yake ajifute.

*

Waliirudia kesho yake na siku nyingi baada yake. Bega lilipoachia zaidi, Fundi alichukua nota mbili badala ya moja, halafu tatu, halafu mkono wote wa kushoto wa vipande vyepesi, huku Mwalimu akipiga wa kulia. Alikaripiwa kama mwanafunzi mwingine yeyote, na mara moja alifunga kifuniko cha piano kwa kishindo akaenda kulala bila kuaga. Alikuwa anajifunza polepole, na ugonjwa ulikuwa unaenda mbio, lakini kila siku walikutana mahali fulani katikati ya vibao. Ugonjwa ulipochukua na mkono wa kulia, Mwalimu alisikiliza kutoka kwenye kiti cha magurudumu, na sauti yake ilipobaki uzi tu, ilibaki na neno moja: "Rudia."

Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Sitaki kulipamba hilo. Kulikuwa na muziki mwingi ndani ya mtu yule ambao hautasikika tena, na hakuna hesabu itakayolifanya jambo hilo liwe sawa.

Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka na viti vya kuazima kurudishwa kwa wenyewe, nyumba ilibaki na wanawake wawili. Asubuhi moja kabla ya kwenda karakanani Fundi alikaa kwenye benchi. Hakukaa kushoto. Alikaa katikati, mahali pa mumewe, ambapo mto wa kukalia ulikuwa bado umebonyea, akaanza kile kipande chepesi kwa mikono yote miwili, polepole, kwa vidole vya mtu wa mkasi. Alifika mstari wa pili. Kidole kimoja cha kulia kikateleza kwenye kibao kisicho chake, akasimama.

Kutoka chumba cha nyuma kilisikika kikohozi. "Hapo," alisema bibi, "ume..."

"Nimeisikia, Mama," alisema Fundi, na akairudia.